Mpaka Katikati ya Jani

Mkoba nimeurudisha zahanati. Kamba yake moja nimeishona kwa uzi wa kushonea viroba. Msiikate, inashika kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani. Ndani mtakuta utepe wa kupimia mikono ya watoto, kikombe cha plastiki kilichovunjika mkono, na mwiko. Mwiko huo haukutoka serikalini, ni wangu. Nimewaachia kwa sababu ninyi wasichana wa siku hizi mnakwenda kufundisha watu kula huku mmeshika simu. Mtu akiona simu anataka kupigwa picha, hataki kupunguza ndizi.

Mimi ni Ma Paskazia wa Rugera. Kazi ya uhudumu wa afya wa kijiji niliianza mjukuu wangu wa kwanza akiwa hajaota meno. Sasa huyo mjukuu ni mwalimu wa sekondari huko Kyerwa, anavaa tai, na akija likizo ananisalimia kwa magoti tai ikiburuza chini. Wajukuu zangu wote wanakula mchicha bila kubembelezwa. Wengine wana vyeti ukutani, mimi nina hao. Shule niliishia darasa la nne. La tano lilinikuta nimembeba mdogo wangu mgongoni, na mwalimu akasema dawati la mmoja halikai wawili. Kwa hiyo msitafute humu maneno makubwa. Nawaandikia yale ambayo semina haitawaambia.

Semina yangu ya kwanza ilikuwa Kayanga. Tulikuwa wahudumu wa vijiji vya Karagwe na wenzetu wachache wa Kyerwa, tumekalishwa kwenye viti vya plastiki vinavyoteleza, kila mtu amevaa nguo ya kanisani. Ukutani palibandikwa picha ya sahani. Sahani nyeupe, nzuri, imegawanywa kama keki ya arusi. Upande mmoja palikuwa na kitu cha kijani kama mti mdogo uliokatwa shina, na pembeni tunda jekundu ambalo kwetu unaliona kwa mwenye duka tu, limefungwa karatasi kama dhahabu.

Mwanamke aliyekaa jirani yangu akaninong'oneza, "Huyu anayekula hivi anakaa wapi?"

"Anakaa hapo hapo kwenye picha," nikamjibu.

Aliyetufundisha alikuwa Nesi Adelina, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele ya misa ya kwanza. Alitusikia. Nikajua leo narudishwa nyumbani kabla ya chai. Yeye akacheka, akasema, "Sawa. Hiyo ni ya ukutani. Sasa inueni mikono."

Tukainua kama watu wanaoapa.

"Kunja ngumi. Hiyo ndiyo ndizi yako ya mlo mmoja. Au ugali, au wali, au kiazi. Nimesema au, sijasema na. Fungua kiganja, acha vidole: hapo panakaa samaki au nyama. Kinga mkono mmoja kama unayetekewa maji: hayo ni maharage. Kutanisha mikono yote miwili: hizo ni mboga za majani, na ukizidisha sikupeleki polisi. Ncha ya kidole gumba: mafuta. Kwisha."

Kulikuwa na mwanamume mmoja wa Kyerwa, mpasuaji mbao, akainua ngumi iliyokuwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. "Nesi, huyu atamaliza shamba!"

"Mwacheni," akasema Nesi Adelina. "Mwili wake mkubwa, ngumi yake kubwa. Mtoto ngumi yake ndogo, na tumbo lake dogo. Mungu alishapima. Ninyi mnatembea na kipimo halafu mnauliza mizani iko wapi."

Nilirudi Rugera kwa bodaboda nikiwa nimeikunja ngumi yangu na kuitazama njia nzima. Dereva akaniona kwenye kioo, akapunguza mwendo, akauliza, "Bibi, nimekukosea nini?"

Mambo ya vijijini mnayajua, lakini nayasema kwa sababu mkishapewa fulana ya mradi mnayasahau. Kwetu mtu hajala mpaka ale ndizi. Mpe wali, atashukuru, halafu atauliza chakula kinaiva saa ngapi. Heshima ya baba ni mlima wa ndizi. Mwanamke anayemwekea mumewe mlima mfupi, majirani wanaanza kuuliza kama wamegombana. Mboga za majani ndizo zenye taabu. Mzee mmoja aliniambia, "Ma Paskazia, mimi na mbuzi tunakaa nyumba moja, lakini hatuli pamoja." Nikamwambia mbuzi wake ana ngozi nzuri kuliko yake. Hakunikaribisha chai siku hiyo.

Kwa hiyo shikeni hili: ukiingia nyumba ya watu usianze na neno punguza. Mwambie mtu punguza, anasikia umemwita mlafi. Anza na ongeza. Ongeza mchicha, ongeza mgagani, ongeza kisamvu, ongeza papai lile linalooza chini ya mti kwa sababu eti ni la watoto na ndege. Jani la kulia chakula likijaa mboga, ndizi zinakosa pa kukaa, zinapungua zenyewe bila kutukanwa. Na msimu wa senene, wale panzi wetu wa kukaanga, usiende kuhubiri kabisa. Mwaka ule wa kwanza nilisema senene ni kiganja kimoja kwa mlo, nikazomewa na kwaya nzima.

Jambo jingine ni watoto. Nyumba nyingi wanakula kwenye jani moja. Linakatwa jani la mgomba, linababuliwa motoni lilainike lisipasuke, linatandazwa mkekani, ndizi zinamwagwa katikati na maharage juu yake, kila mtu anakaa upande wake. Inapendeza, na inafundisha watoto kugawana. Lakini inafundisha pia mbio. Mwenye mkono mrefu anashiba, mwenye mkono mfupi analamba jani. Nilikuwa nikikuta katoto kamekonda, mama anaapa kwamba nyumbani kwake chakula kinabaki. Nilikuwa sibishani. Nilikuwa nakaa, naangalia wanakula. Maharage yalikuwa yamekwisha kabla katoto hakajamaliza kupuliza tonge lake la kwanza. Dawa ilikuwa bakuli, bakuli tu, liwe lake peke yake, maharage yake yamepondwa ndani. Kwa mtoto bakuli linafanya kazi bila maneno.

Kwa mtu mzima ni kesi nyingine. Na hapa ndipo nawaletea habari ya Ta Kaijage, yaani Baba Kaijage. Amesema mwenyewe niiandike, na ameniambia nisimpunguze urefu.

Ta Kaijage alikuwa mzee wa mipaka. Wengine wenu labda hamjui: sisi mpakani mwa shamba na shamba tunapanda mlamula, ule mmea wa majani marefu kama panga. Ukishapandwa mbele ya wazee, hapo maneno yamekwisha. Watu wakigombana, aliitwa Ta Kaijage. Alikuja na koti lake la kahawia na fimbo, akakaa kwenye kiti, akauliza maswali mawili matatu, akainua fimbo, na waliokuwa wameshika mapanga wakaenda kulima. Hakuna aliyemwona akipendelea mtu, hata ndugu yake. Alikuwa na sauti, alikuwa na tumbo, na alikuwa na sukari bila kujua.

Kilichomwumbua ni buti la mpira. Lilimchubua mguu wa kulia karibu na kidole kidogo, mchubuko ukawa kidonda, kidonda kikakataa kufunga. Mkewe, Ma Justa, akampeleka Kayanga. Daktari hakumung'unya maneno: sukari isiposhuka kidonda hakitapona, na kidonda kisipopona watakuja kuzungumza habari ya kuukata mguu. Akapewa vidonge, akapewa siku ya kurudi, akaambiwa aende kwa mhudumu wa kijiji afundishwe kula.

Mhudumu ndiye mimi. Nikaenda.

"Shikamoo, Ta."

"Marahaba. Sema haraka, nina watu wananisubiri mpakani."

Nikamfundisha ngumi, kiganja, mikono miwili, kidole gumba. Nikamwambia na chai isiwe ya sukari, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, apumzike nayo. Alisikiliza kwa utulivu mpaka nikaogopa. "Ndizi ngumi moja," akarudia. "Hilo tu? Hilo naliweza."

Nilitoka pale nimenyoosha shingo kama jogoo. Mzee mgumu kama yule, mara moja tu! Nilipita nikijisifu mpaka nyumba ya tatu.

Nilirudi baada ya wiki kadhaa, nikawakuta wanakula mchana. Nikatazama mguu kwanza. Bandeji ilikuwa imelowa na harufu yake haikuwa nzuri. Nikamtazama Ma Justa, akatazama pembeni. Nikakaribishwa jani, nikakaa.

Ta Kaijage akazamisha mkono kwenye ndizi, akachota, akalikanda tonge taratibu kama mfinyanzi mpaka likawa sawasawa na ngumi yake. Akaliweka kando ya ngumi ya mkono wa pili, akalinganisha. Akanionyesha. Akalichovya kwenye maharage, likaenda. Akazamisha mkono tena.

"Ta," nikasema, "hilo ni la ngapi?"

"La ngapi la nini? Ulisema ngumi moja. Hapa hakuna tonge linalozidi ngumi. Muulize Justa."

Ma Justa akasema polepole, macho kwenye jani, "Zamani alikuwa anakula matonge madogo. Tangu umfundishe yamekuwa makubwa."

Nilicheka, siwafichi. Nilicheka mpaka nikapaliwa na yeye akanipiga mgongoni. Lakini nilipoacha kucheka niliona yule mzee hakuwa anatania. Alikuwa ametii. Kwenye jani la pamoja hakuna sehemu ya mtu. Unakula mpaka jani liishe. Sasa ukimwambia mtu wa jani ngumi moja, ataiweka wapi zaidi ya kwenye tonge?

Nikamweleza. Nikamwambia Ma Justa ampakulie mumewe kwenye sahani yake, kama tunavyofanya kwa mtoto. Ma Justa akaniuliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Yeye alimjua mume wake, mimi nilikuwa najua lishe.

Kesho yake alimwekea sahani. Ngumi moja ya ndizi, maharage ya kukinga, mchicha mwingi. Watoto na wajukuu walikuwa wamekaa kwenye jani. Ta Kaijage akaitazama sahani, akalitazama jani, akauliza, "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, baba."

"Basi mbona nimetengwa? Nina ukoma? Mchawi ndiye anayekula peke yake. Na hiki ni nini, kifungua kinywa cha kuku?"

Ma Justa akamwambia ndivyo Ma Paskazia alivyosema, na kwamba yeye anautaka ule mguu hata kama mwenyewe hautaki. Maneno yakapanda, yakashuka, yakapanda tena. Mwisho mzee akasema kama amechoka kumpikia mume, kwa kaka yake huko Nyaishozi njia anaijua.

Nilikuwa shambani napalilia maharage nilipomwona Ma Justa anapita barabarani, kikapu kichwani, mgongo umenyooka, hana chozi. Akasimama kwenye kona ya shamba langu.

"Ma Paskazia, ngumi yako imenifukuza kwangu."

"Rudi, mama, nitazungumza naye."

"Zungumza na mguu. Mimi nampenda mzee yule, lakini siwezi kukaa pale nikimpakulia kifo kwa mwiko wangu." Akaenda.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, si kwenye semina. Mzee alibaki na mkamwana wake aliyemwogopa kama radi, akawa anamwekea milima ambayo hata Ma Justa hakuwahi kuijenga. Tarehe ya kurudi Kayanga ilikuwa inakaribia. Nilikwenda zahanati kwa Nesi Adelina nikamweleza yote, nikitegemea atanipa maneno mazito ya kumtisha. Akaniuliza tu, "Huyo mzee anaogopa nini?"

"Haogopi kitu."

"Anaheshimu nini?"

Jibu nikalipata njiani wakati wa kurudi. Kwenye mashamba ya kahawa karibu na kwangu watu walikuwa wamekusanyika. Ta Kaijage amekaa kwenye kiti, mguu wenye bandeji ameuweka juu ya kigoda, fimbo mkononi. Mgomba wa mtu ulikuwa umeinama, mkungu unaning'inia shamba la jirani, na jirani ameukata akaupika.

"Mzizi uko upande gani?" akauliza Ta Kaijage.

"Upande wake, mzee, lakini mkungu ulikuwa kwangu. Na watoto walikuwa na njaa."

"Mpaka ni mpaka, hata tumbo likilia! Kilicho ng'ambo kiache ng'ambo."

Nikasimama pale pale. Nikasema moyoni, Paskazia, umelipata.

Kesho yake mchana nikaenda kwake na fungu la mgagani, fungu la mchicha na mwiko wangu. Nikaingia jikoni kwa mkamwana, tukapika pamoja. Ndizi nikazipika chache. Nikachagua jani pana lisilo na mpasuko, nikalibabua, nikalitandaza mkekani lote zima na uti wake katikati. Kisha nikaenda kwa mzee aliyekuwa amejiegemeza kibarazani.

"Ta, nimekuja na kesi ya mpaka."

Akainuka kidogo. "Nani na nani?"

"Ndizi na Mboga. Ndizi amevamia shamba la mwenzie miaka mingi, na wazee wananyamaza."

Nikadhani atanifukuza na mimi, nimkute Ma Justa Nyaishozi. Lakini mdomo ukamtoroka kidogo upande mmoja. Akasema, "Leteni koti langu."

Wajukuu wakaleta koti. Akalivaa, akachukua fimbo, akachechemea mpaka kwenye jani, akakaa. Watoto wakamzunguka kama baraza.

"Mpaka wa shamba hili uko wapi?" akauliza kwa ile sauti yake.

"Hauna mlamula, mzee. Ndiyo maana Ndizi anajitanua."

"Nani anasema hauna? Huu uti wa jani ni wa nini? Mungu ameupanda mwenyewe!" Akaupiga uti kwa ncha ya fimbo. "Upande huu wote?"

"Daktari anasema ni wa Mboga, wote."

"Wote?"

"Wote, Ta. Na upande wa pili wanakaa wawili, Ndizi na Maharage, nusu kwa nusu."

Nilimwona anapiga hesabu, na hesabu ilimwuma. Ndizi, tajiri wa ukoo, aliyekuwa na shamba zima, abaki na robo! Mjukuu wake wa kike, Koku, akasema, "Babu, hukumu." Watoto hawana adabu, Mungu awabariki.

Mzee akashusha pumzi. Akachukua fimbo, akachora alama kwenye upande wa pili. "Mboga ng'ambo ile. Maharage hapa. Ndizi hapa. Na atakayevuka nitamwona."

"Hukumu imetoka?"

"Imetoka."

"Basi, Ta, nawa mikono ule ndani ya hukumu yako."

Aligeuka kunitazama kama mtu aliyekanyaga mtego alioutega mwenyewe. "Ewe mwanamke! Umenifunga kwa kamba yangu!"

"Kamba nzuri, Ta. Umeisokota mwenyewe."

Nikapakua. Kila aliyekaa nikamwekea shamba lake kwenye jani lile lile, mbele ya magoti yake, la mtoto kwa ngumi ya mtoto, la mzee kwa ngumi ya mzee. Hakuna aliyetengwa, hakuna aliyekula peke yake kama mchawi. Ta Kaijage alimaliza ndizi zake kwa matonge machache, akabaki anatazama mboga kama mtu anayetazama mto wa kuvuka. Mkono ukaanza kutambaa kuelekea ndizi za Koku.

"Babu, umevuka!" wakapiga kelele wote.

Mkono ukarudi. Akachota mgagani, akatafuna, akasema, "Mchungu." Akachota tena. "Lakini si mbaya." Basi.

Sitaki muone kama ilikuwa mteremko. Alilalamika kila siku. Aliniita mkoloni wa ndizi. Lakini hakuvuka, kwa sababu watoto walikuwa wakimlinda kama mgambo na yeye alikuwa mtu wa neno lake. Vidonge alimeza, kidonda Nesi Adelina alikiosha na kukifunga. Tarehe ya Kayanga ilipofika nilimsindikiza, daktari akasema sukari imeanza kushuka, kidonda kimeanza kukauka kingo, aendelee. Habari ya kukata aliiweka kando. Hakusema ameifuta.

Tulipotoka, mzee akakaa kwenye benchi la stendi akiwa amenuna.

"Mbona Justa hajarudi?"

"Ulimfukuza, Ta."

"Nilimfukuza aende. Sikumfukuza akae."

Nikamwambia mke hafuatwi na maneno ya benchi. Anafuatwa kwao. Alijua hivyo kuliko mimi, alikuwa anatafuta tu mtu wa kumsukuma.

Tukaenda Nyaishozi kwa bodaboda mbili, yeye na koti lake, mimi na kibuyu cha rubisi cha kuombea radhi mapajani, dereva akiniomba kila kona nisimmwagie. Kaka yake Ma Justa, Ta Felesian, alitupokea vizuri. Vizuri kupita kiasi. Watu wa ukoo walikuwa wamejaa sebuleni. Wakatoa salamu zote, wakauliza hali ya mvua na kahawa, hawakumtaja Justa hata kidogo. Mzee akaomba radhi kama inavyotakiwa, kwa maneno machache. Ta Felesian akasema, "Tumesikia, shemeji. Kwanza tule."

Likaingia jani. Waitu! Nimekaa Rugera maisha yangu yote, sijaona mlima kama ule. Ndizi zimepandishwa mpaka nikashindwa kumwona mtu wa ng'ambo, nyama imezunguka chini kama mawe ya msingi. Jani la mboga hata moja, hakuna. Nani atampa mkwe mchicha? Ni kumwambia nyumba imekauka.

"Kula, shemeji," akasema Ta Felesian. "Tumesikia huko kwako siku hizi chakula kina matatizo. Dada yetu alikupunguzia, akafukuzwa. Sisi hatupunguzi."

Mlionielewa mmeona mtego. Akiula ule mlima, anaula mguu wake. Akiukataa, amewadharau mbele ya ukoo, na Ma Justa harudi. Kila mtu alinitazama mimi, eti mtaalamu. Mimi nikatazama bati. Kuna wakati kazi yetu ni kunyamaza, na huo ndio mgumu kuliko kufundisha.

Ta Kaijage akanawa. Akavuta jani kidogo kwake. Akapitisha kidole chini ya mlima akitafuta, mpaka akaupata uti.

"Shemeji," akasema, "unajua kazi yangu."

"Naijua."

"Mimi sili bila kuona mpaka." Akasogeza ndizi, akazisukuma kwa wenyeji huku na huku, "Hii ya kwako, hii ya mdogo wako, hii ya Ma Paskazia, maana naye anakula sana," mpaka mbele yake ikabaki ngumi moja. Akachukua nyama ya kiganja kimoja. Kisha akauonyesha upande wa pili wa jani, uliobaki mtupu, kijani kitupu. "Shamba hili lina mwenyewe na simwoni. Mke wangu aliniambia nikamfukuza. Nani wa nyumba hii atanipa mboga za majani?"

Wanawake wa pale wakatazamana. Nani ataleta mchicha mbele ya mkwe, aje asimangwe na ukoo?

Pazia la jikoni likasogea. Akaingia Ma Justa na sufuria ndogo ya mgagani aliyoipika kwa chakula chake mwenyewe, hana haraka. Akapiga magoti kando ya jani, akapakua upande ule mtupu, akapakua, akapakua, mpaka ukajaa. Akafuta mwiko kwenye ukingo wa sufuria.

"Usivuke," akamwambia.

"Sivuki."

Ta Felesian akajaribu kukaa na uso wa kesi, ukamshinda. Akaanza kucheka yeye, ukacheka ukoo mzima. Halafu yeye mwenyewe akanyoosha mkono akachota mgagani upande wa shemeji yake. Ta Kaijage akampiga kofi mkononi: "Mpaka, shemeji!"

Ma Justa alirudi siku ile ile, amekaa nyuma ya bodaboda ya mumewe. Kidonda kilichukua muda, msidhani ni muujiza. Kilifunga polepole, na sukari bado anaipima, na vidonge bado anameza. Nyumba za jirani wakaanza kupakua kwa uti wa jani, na mimi nikaacha kubeba picha ya sahani.

Juzi zahanati wamenifanyia sherehe ya kuniaga. Hotuba zilikuwa ndefu, sitaziandika. Baadaye likaletwa jani, na kwa kuwa siku ile ilikuwa yangu, nilijisikia huru. Nilikuwa na ndizi zangu za kawaida tayari, nikaona kipande cha gonja, ndizi tamu ile, iliyochomwa, imepiga rangi nzuri kabisa, kimekaa ng'ambo ya uti. Watu walikuwa wanasikiliza kwaya. Nikanyoosha mkono.

Fimbo ikashuka katikati ya jani, mbele ya vidole vyangu.

Ta Kaijage alikuwa amesimama juu yangu na koti lake la kahawia, amesimama kwa miguu yake yote miwili, kulia na kushoto, amevaa viatu. Fimbo hakuwa ameiegemea hata kidogo.

"Ma Paskazia," akasema kwa sauti iliyonyamazisha kwaya, "umevuka."